SMS ya kikundi ifike, isomeke na ijibiwe: mwongozo kamili kwa makatibu

Malalamiko ninayoletewa ni yale yale. Katibu ametuma SMS ya kikao kwa wanachama thelathini na kitu, waliokuja hawafiki ishirini, na wengi wa waliokosekana wanaapa kwamba hawakupata chochote. Katibu anatoa simu yake, anaonyesha: kote imeandikwa imetumwa. Muda wa hisa na marejesho unaliwa na ubishi wa nani atozwe faini na nani asamehewe.

Mara nyingi pande zote mbili zinasema kweli. SMS ilitoka kwenye simu ya katibu, na haikuingia kwenye simu ya mwanachama. Au iliingia siku mbili baadaye. Au iliingia kwa wakati, ila ilikuwa imeandikwa kwa namna ambayo mtu mwenye kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, hakuweza kuielewa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa kikundi cha watu 15 hadi 60 hivi: kikoba, kamati ya maji, kwaya, ushirika wa wakulima, kamati ya wazazi wa shule. Kama kila mwanachama wenu ana simu janja na bando muda wote, kundi la WhatsApp litawatosha. Vikundi vingi ninavyovijua haviko hivyo. Yupo mama mwenye kitochi, yupo kijana ambaye bando limemwishia tangu juzi, yupo mzee anayewasha simu jioni tu ili kutunza chaji. Hao wote SMS inawafikia, mradi uifanye kazi yake inavyotakiwa.

## Andaa vitu hivi kwanza

Laini moja isiyobadilika. Iwe ya kikundi au yako binafsi, lakini wanachama wote waihifadhi kwa jina moja. Ukituma leo kwa laini hii na kesho kwa nyingine, watu wataanza kudhani ni matapeli, na watakuwa na haki.

Kifurushi cha SMS kinachotosha wanachama wote mara tatu: tangazo, kikumbusho na ziada ya kurudia kwa waliokosa.

Daftari lenye safu sita: jina, namba, aina ya simu (kitochi au simu janja), imefika, amejibu, na mtu wa karibu. Safu ya mwisho ndiyo makatibu wengi huiacha, na ndiyo inayookoa siku.

Saa mbili za utulivu kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo kazi nzima huchukua muda mfupi.

## SMS inavyosafiri

Huwezi kutatua tatizo bila kujua hili moja. SMS yako haiendi moja kwa moja kwenye simu ya mwenzako. Inakwenda kwanza kwenye kituo cha ujumbe cha mtandao wako, inahifadhiwa hapo, kisha kituo kinaitafuta simu ya mpokeaji. Simu ikiwa imezimwa au haipo hewani, ujumbe unasubiri na kituo kinajaribu tena na tena. Muda wake wa kuhifadhiwa ukiisha kabla simu haijapatikana, unafutwa.

Kwa hiyo "imetumwa" maana yake ni kwamba kituo kimeupokea. "Imefika" maana yake ni kwamba simu ya mpokeaji imeupokea. Kati ya hayo mawili ndimo ugomvi wa kikao unamozaliwa.

## Hatua ya 1: Hakiki namba zote

Andika kila namba kwa muundo wa kimataifa: +255 kwa Tanzania, +254 kwa Kenya, kisha tarakimu zinazofuata baada ya kuondoa sifuri ya mwanzo. Namba 07 na zake inakuwa +2557 na zake. Hii inakusaidia hata ukiwa umevuka mpaka, na inamsaidia mwanachama aliyekwenda kufanya kazi Oman ambaye namba yake ya huko inaanza na +968.

Kwa mwenye laini mbili au tatu, usimuulize "namba yako ni ipi?" Muulize "ni laini gani iko hewani saa 12 jioni?" Wengi wana laini ya bando na laini ya kupokea pesa, na mojawapo hukaa ndani ya pochi wiki nzima.

Halafu tuma ujumbe wa uhakiki kwa kila mmoja:

> Ni katibu wa kikoba. Nahakiki namba za wanachama. Jibu NDIYO na jina lako.

Jina lina sababu yake. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na baadaye namba hupewa mtu mwingine. Ukipata NDIYO bila jina, huenda umejibiwa na mgeni mpole ambaye hajui kikoba chenu.

Tahadhari: orodha hii ni taarifa binafsi za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Usiipige picha na kuirusha kwenye kundi, wala usimpe mtu anayetaka kuwatangazia wanachama biashara yake.

Umefaulu ikiwa kila namba kwenye daftari ina jina lililothibitishwa na mwenyewe. Usiende hatua ya pili ukiwa na alama za kuuliza.

## Hatua ya 2: Rekebisha simu inayotuma

Hapa ndipo wenye simu janja wanakosea zaidi kuliko wenye kitochi, kwa sababu simu janja hujiamulia mambo bila kukuuliza.

Washa taarifa za kufika. Kwenye programu ya Messages ya Google, fungua mipangilio, nenda sehemu ya mipangilio ya ziada, washa "Get SMS delivery reports". Kwenye kitochi tafuta "Delivery reports" ndani ya mipangilio ya ujumbe. Bila hiyo unafanya kazi gizani.

Zima ujumbe wa kikundi wa MMS, yaani ule wa aina inayobeba picha. Hii ndiyo inayoua matangazo mengi. Ukichagua watu wengi kwa pamoja, simu nyingi za Android huugeuza ujumbe kuwa MMS ya kikundi. MMS inahitaji data, na kitochi kingi hakiifungui. Katika mipangilio hiyo hiyo ya ziada kuna "Group messaging": chagua ile inayosema SMS itumwe kwa kila mpokeaji na majibu yarudi kwako mmoja mmoja. Faida ya pili ni kwamba wanachama hawatajibizana kwenye simu zao zote usiku wa manane.

Angalia RCS. Kwa mfumo huu Messages ya Google hutuma kwa njia ya intaneti badala ya SMS, pale simu zote mbili zinapoweza. Mwenzako akiwa amezima data, ujumbe hubaki unamngoja. Kwa kazi ya katibu nashauri uzime RCS kabisa kwenye laini hiyo, au angalau uwashe chaguo la kutuma tena kama SMS pale njia ya intaneti inapogoma.

Kwa mwenye iPhone: washa chaguo la kutuma kama SMS pale iMessage, njia ya iPhone ya kutuma kwa intaneti, isipopatikana. Kuwa macho na mwanachama aliyehama kutoka iPhone kwenda Android bila kuzima iMessage. Ujumbe kutoka iPhone nyingine unaweza kuendelea kwenda asikokuwa.

Kama hakuna SMS inayotoka kabisa wakati salio lipo, shuku namba ya kituo cha ujumbe. Huharibika hasa baada ya kuhamisha laini kwenye simu nyingine. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako, omba namba sahihi ya kituo cha ujumbe, uiweke kwenye mipangilio. Usichukue namba iliyoandikwa na mtu mtandaoni.

Umefaulu ikiwa ukimtumia mtu aliyekaa pembeni yako, huku data ikiwa imezimwa kwenye simu zote mbili, ujumbe unaingia na simu yako inapata taarifa ya kufika.

## Hatua ya 3: Andika ujumbe unaoingia kwenye SMS moja

Hatua hii ipe muda wako mwingi. Nimeona makatibu wakinunua simu mpya kutatua tatizo ambalo lilikuwa kwenye maneno yao.

SMS moja inabeba herufi 160, ukihesabu nafasi tupu, nukta na tarakimu. Ukizidisha, inakatwa vipande vya herufi 153, na simu ya mpokeaji inatakiwa kuviunganisha. Kipande kimoja kikichelewa, mtu anapata nusu ya habari au hapati kitu mpaka vyote vitimie. Na unalipia kila kipande.

Kuna mtego mkubwa zaidi. Herufi 160 ni za alfabeti ya kawaida ya simu. Ukiingiza alama moja tu iliyo nje ya alfabeti hiyo, ujumbe wote unabadilishiwa mfumo na kikomo kinashuka hadi herufi 70, au 67 kwa kila kipande ukizidi. Alama moja tu. Zinazotuponza sisi ni hizi:

- Emoji yoyote, hata ua moja dogo.
- Ritifaa iliyopinda. Ritifaa iliyonyooka katika ng'ombe au ng'ambo haina tatizo. Ile iliyopinda, inayokuja ukinakili maandishi kutoka Word au WhatsApp, inashusha kikomo hadi 70. Kwenye iPhone, zima "Smart Punctuation" kwenye mipangilio ya kibodi.
- Alama za nukuu zilizopinda, kistari kirefu, na kitone kinene cha orodha.
- Maandishi ya Kiarabu, kama mnaandika salamu kwa herufi hizo.

Tazama ujumbe huu, wa aina inayotumwa kila siku:

> Habari za wakati huu wapendwa wanakikundi, natumaini mko salama na mnaendelea vyema na majukumu. Napenda kuwajulisha kuwa kikao chetu kitakuwa kesho saa 2 pale pale, msikose na mje na michango 🙏🙏

Bila ile mikono miwili, huu ungekuwa SMS mbili. Pamoja nayo ni tatu. Kwa wanachama 40 umetumia SMS 120 kusema jambo ambalo lingetoshea kwenye 40.

Lakini gharama ndiyo kasoro ndogo. Neno "kesho" ni hatari, kwa sababu SMS inaweza kusubiri kwenye kituo. Aliyewasha simu siku ya pili anasoma "kesho" na kuja siku ambayo hakuna mtu. "Saa 2" ni ya asubuhi au ya usiku? Tena wapo vijana waliozoea saa za kwenye simu, wataelewa ni saa 8 mchana. "Pale pale" ni wapi kwa mwanachama aliyejiunga mwezi uliopita? "Michango" ipi? Na mwenye kitochi anayeangalia orodha ya ujumbe anaona "Habari za wakati huu", anasema ataisoma baadaye.

Sasa huu:

> KIKOBA: Kikao Jumamosi 14/6, saa 8 mchana, ofisi ya kijiji. Njoo na hisa na rejesho. Faini ya kuchelewa 1000. Jibu NDIYO au SITAFIKA. Katibu

Herufi 140. Zinabaki 20 za kuweka jina la kikundi na la kwako. Jambo lenyewe limetangulia, siku ina jina na tarehe, saa ina "mchana", mahali pana jina, na mtu ameambiwa ajibu nini.

Najua mtu atauliza: salamu iko wapi? Kwetu kuandika bila salamu ni kama kuingia nyumba ya watu bila hodi. Ushauri wangu ni kukubaliana kwenye kikao kimoja kwamba matangazo yanayoanza na jina la kikundi hayana salamu, na kila mtu ajue hivyo. Kwa wazee wachache ambao mnaona haifai, waandikie peke yao, anza na Shikamoo, hata kama itakuwa SMS mbili. Au wapigie. Heshima ina bei ndogo kuliko kumkosa mzee kwenye kikao.

Kwa taarifa ya msiba mpangilio ni ule ule: nani amefariki na ni nani kwa mwanachama gani, msiba uko wapi, mazishi lini na saa ngapi, rambirambi anapokea nani. Usitume mpaka umesikia kwa sauti kutoka kwa mtu wa familia. SMS haiwezi kurudishwa.

Kifupisho ni adui. "Kxho", "cku", "2onane" vinaokoa herufi chache na kumpoteza mtu wa miaka sitini. Kama huna nafasi, punguza mambo.

Umefaulu ikiwa kihesabu kilicho pembeni ya sehemu ya kuandikia kinaonyesha kwamba bado uko kwenye SMS ya kwanza. Ukiona idadi iliyobaki imeanguka ghafla baada ya kubandika maandishi, kuna alama iliyopinda mahali fulani; futa ritifaa na alama za nukuu, uziandike upya kwa mkono.

## Hatua ya 4: Jaribu kwa watu watatu

Kabla ya kuwatumia wote, tuma kwa watatu: mwenye kitochi, mwenye simu janja, na mmoja wa mtandao tofauti na wako. Wapigie na uwaombe wakusomee ujumbe kwa sauti.

Usiwaulize kama wameelewa. Wote watasema ndiyo. Uliza: "Utakuja lini, saa ngapi, na utabeba nini?" Akikosea hata kimoja, rudi hatua ya 3.

Jaribio hili linaonyesha pia herufi zilizogeuka kuwa vijisanduku kwenye kitochi, jambo ambalo kwenye simu yako hutaliona kamwe.

## Hatua ya 5: Tuma kwa mafungu

Gawa wanachama katika mafungu ya kumi kumi. Tuma fungu moja, subiri taarifa za kufika zianze kuingia, kisha tuma la pili. Simu nyingi za Android hukuuliza kama unaruhusu pale SMS nyingi zinapotoka kwa muda mfupi, na ukibonyeza kukataa kwa haraka, nusu ya orodha inabaki. Mitandao nayo hushuku laini ya kawaida inayomwaga mamia ya ujumbe uleule kwa mkupuo. Kwa mafungu, hata kukitokea hitilafu unajua imeishia wapi.

Muda: tangazo siku tatu kabla ya kikao, jioni kati ya saa 12 na saa 2 usiku, watu wakiwa wamerudi na simu ziko kwenye chaji. Kikumbusho kifupi asubuhi ya siku yenyewe. Epuka usiku wa mwaka mpya na wa sikukuu kubwa, ambapo kila mtu anatuma salamu na foleni huwa ndefu.

## Hatua ya 6: Soma taarifa za kufika

Subiri saa moja, kisha fungua daftari. Kwenye Messages ya Google, bonyeza ujumbe kwa muda mpaka uchaguliwe, kisha fungua maelezo yake. Utakutana na hali nne, na kila moja ina dawa yake.

Imeshindikana kutoka. Tatizo liko kwako: salio, mtandao, namba iliyoandikwa vibaya au kituo cha ujumbe. Rekebisha, tuma tena.

Imetumwa, hakuna taarifa ya kufika. Simu ya mpokeaji imezimwa, haipo hewani, au kumbukumbu yake imejaa. Usitume tena na tena. Kituo kinaendelea kujaribu chenyewe, na akiwasha simu atapokea SMS tano zinazofanana. Ngoja mpaka asubuhi. Kumbuka pia kwamba kati ya mtandao mmoja na mwingine, au nchi na nchi, taarifa ya kufika wakati mwingine hairudi ingawa ujumbe umefika. Kimya cha taarifa si ushahidi kwamba mtu hakupata.

Imefika, hajajibu. Simu imeupokea. Haina maana kwamba mwenye simu ameuona. Huenda simu anayo mtoto, huenda ujumbe umetupwa kwenye folda ya takataka, huenda ameusoma na kusahau.

Imefika, amejibu. Weka alama, usimsumbue tena mpaka kikumbusho.

Ninasisitiza hili kwa sababu ya faini. Kikundi kinachomtoza mtu faini kwa sababu simu ya katibu imeandika "imetumwa" kinamwonea. Andikeni kwenye katiba yenu kwamba aliyejibu ndiye aliyepata taarifa, na kwamba asiyejibu lazima afuatwe kwa njia nyingine kabla ya kuhesabiwa amekosa kwa makusudi.

## Hatua ya 7: Fanya kujibu kuwe rahisi

Jibu liwe neno moja, na yawepo majibu mawili tu. Ukiuliza swali la wazi, utapata hadithi au ukimya.

Mfano bora ninaoujua ulitoka Kenya. Katika utafiti wa WelTel, uliochapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2010, wagonjwa 273 walioanza dawa za kufubaza virusi vya ukimwi walitumiwa kila wiki SMS ya neno moja: "Mambo?" Walitakiwa kujibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu Shida alipigiwa simu na mhudumu, na aliyekaa kimya vile vile. Katika kundi hilo asilimia 62 walitumia dawa zao ipasavyo, ukilinganisha na asilimia 50 ya wagonjwa 265 ambao hawakutumiwa SMS. Angalia kilichofanya kazi: swali fupi, majibu mawili, muda uliowekwa, na mtu halisi anayepiga simu pale panapohitajika.

Somo la pili ni la Tanzania. Mradi wa SMS for Life, uliojaribiwa kuanzia mwaka 2009 katika wilaya tatu, uliviuliza vituo vya afya 129 kila wiki kwa SMS vimebakiwa na dawa kiasi gani za malaria. Kujibu kulikuwa bure, na mhudumu aliyejibu kwa wakati alirushiwa salio. Kwa wastani, asilimia 95 ya vituo vilijibu. Mtu hajibu akiwa hana vocha, hata awe mwaminifu namna gani.

Kikoba hakiwezi kumrushia kila mtu salio. Ila kinaweza kukubali kubipu. Tangazeni kwamba anayekuja na hana salio abipu mara moja, na bipu inahesabiwa kuwa NDIYO. Katibu asipokee, aandike tu. Ni bure, inafanya kazi kwenye kitochi chochote, na asiyejua kuandika anaiweza.

Umefaulu ikiwa kufikia jioni ya siku ya pili zaidi ya nusu wamejibu au wamebipu, na majina ya waliobaki unayo kwenye ukurasa mmoja.

## Hatua ya 8: Fuata waliokaa kimya

Sasa piga simu, lakini kwa hao tu. Badala ya kuwapigia arobaini, unawapigia wanane au kumi. Hapa ndipo SMS inapokurudishia gharama yake.

Simu isipopatikana, nenda kwenye safu ya mtu wa karibu: mume, binti, jirani, fundi mwenye kibanda cha kuchaji simu. Mtumie huyo ujumbe wa jumla usio na mambo ya ndani: "Mwambie mama anipigie kuhusu kikao cha Jumamosi." Kiasi cha mkopo wa mtu au deni lake kisipite kwa jirani.

Mwanachama anayekosa ujumbe mara kwa mara, mwombe simu yake mkikutana na mwangalie pamoja mambo matatu:

1. Kumbukumbu imejaa? Kwenye vitochi vingi alama ya bahasha inayowaka na kuzima ndiyo dalili. Futeni ujumbe wa zamani wa matangazo ya mitandao. Mara nyingi ndio uliojaza.
2. Namba yako imezuiwa au imetupwa kwenye takataka? Kwenye Messages ya Google kuna folda ya "Spam & blocked". Mkiikuta SMS yako humo, itoeni na ahifadhi namba yako kwa jina.
3. Laini iko kwenye tundu linalofanya kazi? Mtu anaweza kuwa amezima laini moja kwenye mipangilio bila kujua.

Yote haya ni kazi ya dakika chache, tena ni ya upole. Mzee ambaye kwa miezi ameonekana mkaidi huenda alikuwa tu na bahasha inayowaka.

## Pesa: kanuni zisizovunjwa

"Ile hela itume kwenye namba hii" ni SMS ambayo karibu kila Mtanzania mwenye simu ameipata. Tapeli hajui michango yenu. Anatupa ndoano kwa watu wengi akitumaini yupo aliyekuwa karibu kutuma. Kikundi kinachotangaza michango kwa SMS kinavua kwenye bwawa hilo hilo, kwa hiyo wekeni kanuni hizi kwa sauti, kwenye kikao:

- Namba ya kupokea pesa na jina linalotokea zinatangazwa kikaoni na kuandikwa kwenye daftari la kila mwanachama. Hazibadilishwi kwa SMS, kamwe. Ujumbe wowote unaosema namba imebadilika ni wa kitapeli mpaka mweka hazina athibitishe kwa sauti.
- Kabla ya kubonyeza kutuma, mwanachama asome jina linalotokea kwenye simu. Likiwa tofauti, asimamishe.
- Katibu haombi namba ya siri, wala tarakimu za uthibitisho zilizotumwa na mtandao. Hakuna dharura inayohalalisha.
- Ukipata ujumbe wa kitapeli Tanzania, upeleke kwenda 15040. Piga pia *106# uone ni laini gani zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

## Mkizidi watu 60

Hapo simu ya mkononi inachoka. Tafuteni mtoa huduma wa SMS za pamoja. Mnapakia orodha yenu, mnaandika ujumbe mara moja, na mnapata ripoti ya kila namba. Yote ya hatua ya 1 na ya 3 yanabaki vile vile: orodha mbovu ni mbovu kokote, na emoji inakata ujumbe kule pia.

Mtaweza kutuma kwa jina badala ya namba. Jina hilo halizidi herufi 11 na linapaswa kusajiliwa kwanza, kwa hiyo anzeni mapema. Na jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti: ujumbe uliotoka kwa jina hauwezi kujibiwa. Mwanachama akiandika NDIYO, haiendi popote. Ndani ya ujumbe wenyewe wekeni namba ya katibu ya kujibia au kubipu, na mwacheni katibu na daftari lake waendelee na hatua ya 7 na ya 8.